Bakuli la Githeri: Habari ya Shule 12 za Embu

Msomaji wangu, ukipata nafasi ya kuingia katika darasa la kwanza la shule yo yote ya mashambani, upande wa Meru au upande wa Embu, ingia saa nne ya asubuhi, wala usiingie saa mbili. Saa mbili watoto wote hufanana. Nyuso zimeoshwa, sauti ni kubwa, na kila mkono u juu, hata mkono wa yule asiyelijua jibu. Saa nne ndiyo saa ya ukweli. Hapo utamwona mmoja amelaza shavu juu ya dawati, wa pili anachora vumbini kwa kidole cha mguu, na wa tatu amemkazia mwalimu macho, nawe ukimwuliza neno lililosemwa sasa hivi, hana habari nalo. Mwili umo darasani. Fikira zimekwenda zake.

Jambo hili si geni. Tangu shule za kwanza za misheni zilipojengwa katika milima hii, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu wamelitafutia dawa. Walileta kibao cha jiwe, ili kila mtoto awe na mahali pake pa kuandika. Walileta ubao mweusi, ili macho yote yaelekee upande mmoja. Waliondoa magogo wakaweka madawati, wakabandika picha ukutani, wakatundika kengele, na hapana haja ya kukwambia kwamba walichonga na fimbo. Ukivitazama vizuri vifaa hivi, utaona ya kuwa kila kimoja ni hoja. Aliyetengeneza dawati alidhani mtoto hasikii kwa sababu mgongo unamwuma. Aliyechora picha alidhani mtoto amechoka na maneno matupu. Aliyechonga fimbo alidhani mtoto ni mkaidi. Wote watatu walikuwa wakijibu swali moja: ni nini kinachoziiba fikira za mtoto? Na mtu asiyemjua mwizi hawezi kutengeneza mlango wa kumzuia.

Mimi nami nimo katika hesabu ya waliokosea. Katika majuma yangu ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, nilikuwa na mtoto wa kiume aliyesinzia kila siku kabla ya mapumziko. Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku fimbo tangu mwaka 2001, kwa hiyo nilimsimamisha nyuma ya darasa, na kwa fikira zangu nilimfanyia hisani. Alisimama siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alianguka. Tulipomwinua, mwanafunzi mwenzake alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu atajaye habari ya mvua, kwamba kwao huliwa jioni tu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila nilipopata juu ya njaa na usikivu wa watoto, na katika kusoma huko nilikuta ya kuwa mojawapo ya majaribio makubwa ya duniani katika jambo hili lilifanywa hapa petu, katika tarafa ya Kyeni Kusini, Embu. Watu wa Los Angeles wanalijua. Wanafunzi wangu wa Embu hawakulijua. Ndiyo sababu naiandika habari hii.

Lakini kwanza niruhusu nikupeleke Busia, magharibi ya nchi yetu, kwa maana huko yalitokea mambo yatakayokusaidia kufahamu yaliyotokea Embu. Katika mwaka 1996 shule 25, zilizochaguliwa kati ya 100, zilipewa vitabu vya masomo vilivyoidhinishwa na Serikali. Nani asingetumaini kwamba watoto wenye vitabu watawashinda wasio navyo? Wataalamu wa uchumi, ambao mmoja wao aliitwa Michael Kremer, walipima alama za mitihani wakaona kwamba kwa wastani hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari mbele ya wenzao. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu. Baadaye shule 178 zilihesabiwa, na nusu yake zikapewa picha kubwa zilizofungwa pamoja, ambazo mwalimu huzifunua moja baada ya moja mbele ya darasa: picha za sayansi, za hesabu, za jiografia na za afya. Zilikuwa nzuri, watoto walizipenda, na alama hazikusogea hata kidogo. Halafu, kuanzia mwaka 1998, watoto wa shule 75 walianza kupewa kwa zamu dawa ya minyoo, kidonge cha bei ndogo sana, na utoro ukapungua kwa kadiri ya robo. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Mtoto alifika shuleni, lakini kufika si kujua. Kwa kazi za namna hii Kremer na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi katika mwaka 2019.

Sasa turudi milimani.

Kyeni Kusini iko kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Juu yake kuna chai, chini yake kuna nchi kavu ya Mbeere, na katikati ni kahawa, mahindi na maharagwe. Chakula cha watu ni githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja; Watanzania hukiita kande, na watu wa pwani hukijua kwa jina la pure. Ng'ombe wapo, mbuzi wapo, na kuku wapo. Walakini aghalabu maziwa huuzwa na mayai huuzwa, ili ipatikane fedha ya chumvi, ya sabuni, na ya shule yenyewe. Na nyama ni ya sikukuu. Kwa hiyo mtoto aweza kukua akichunga ng'ombe kila siku asionje maziwa yake ila ndani ya kikombe cha chai.

Mwaka 1984 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walianza kazi huko. Wakuu wao walikuwa Profesa Nimrod Bwibo, daktari wa watoto, na Profesa Charlotte Neumann. Kazi yao ilikuwa sehemu ya utafiti wa nchi tatu, Kenya, Misri na Meksiko, nao walitaka kujua habari ya watu ambao hawafi kwa njaa, lakini hawashibi. Hilo ni neno la kuangaliwa. Njaa kuu hupigiwa picha, na dunia hulia. Njaa ndogo, ile ya kila siku, haina mpiga picha. Watafiti walipima chakula cha kila nyumba, wakapima watoto urefu na uzito, na watazamaji waliofundishwa kazi hiyo waliwaangalia watoto wa shule darasani na uwanjani, wakiandika ni muda gani mtoto anafuata somo na ni muda gani hafuati.

Wakiwa katikati ya kazi, mvua ndefu za mwaka 1984 zilikosekana. Mwaka ule unakumbukwa katika Kenya nzima. Hakuna mtaalamu ambaye angethubutu kuwanyima watoto chakula ili aone itakuwaje. Mbingu zilifanya jambo ambalo mwanadamu amekatazwa kulifanya. Watafiti walikuwa wamekwisha kupima kabla ya upungufu, wakapima tena wakati wa upungufu. Walionelea nini? Katika nyumba hizo, watoto wadogo kabisa walikingwa kwa kadiri ilivyowezekana. Walioumia ni watoto wa shule. Uzito wao ulirudi nyuma, uwanjani mchezo ulipungua, na darasani walifuata somo kwa muda mfupi zaidi kuliko zamani. Mwalimu ni yule yule, madawati ni yale yale, na ubao ni ule ule. Kilichobadilika ni chungu cha jikoni. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1994.

Hapo mtu mwenye haraka angesema, basi, tumemkamata mwizi. Wataalamu hawakusema hivyo, na yafaa ujue kwa nini, maana hapa ndipo penye elimu. Katika utafiti ule wa kwanza walikuwa wameona kwamba watoto waliopata maziwa na nyama, ijapokuwa kidogo, walikuwa warefu zaidi, wachangamfu zaidi, na wepesi zaidi wa akili. Lakini nyumba inayopata nyama si sawa na nyumba isiyopata. Pengine baba ana mshahara. Pengine mama alisoma hata darasa la saba na huwasomea watoto jioni. Utajuaje basi kama ni nyama iliyomsaidia mtoto, au ni mama?

Kosa la kutotenga mambo hayo lilikwisha kufanywa zamani, tena na watu wakubwa. Katika mwaka 1931 John Boyd Orr, Mskoti, na J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya uganga ya Kenya, walichapisha kitabu juu ya Wamaasai na Wakikuyu. Walipima wakaona kwamba mwanamume wa Kimaasai, mla nyama na maziwa na damu, kwa wastani alimzidi mwanamume wa Kikuyu, mla nafaka na viazi, urefu wa inchi 5 na uzito wa ratili 23. Waliona tofauti hiyo kuwa ni ya chakula. Hapana shaka chakula kilikuwamo ndani yake. Lakini makabila mawili hayatofautiani kwa chakula peke yake. Yanatofautiana kwa asili, kwa kazi, kwa magonjwa na kwa nchi wanayokaa. Boyd Orr alikuwa mtu mwema, akapewa Tuzo ya Nobel ya amani katika mwaka 1949 kwa kupigania chakula cha wanadamu, lakini kipimo kile cha Kenya hakikuweza kubeba mzigo aliokitwika.

Kisa cha pili ni cha huko huko kwao Skotilandi, nami nakipenda kwa kuwa walioharibu mambo ni walimu, na waliyaharibu kwa huruma. Katika mwaka 1930 watoto 20,000 wa shule za Lanarkshire waliwekwa katika jaribio. Watoto 10,000 walipewa maziwa kila siku ya shule kwa muda wa miezi minne, na 10,000 hawakupewa, ili mwisho wapimwe wote. Walimu waliruhusiwa kusawazisha mafungu kama waliona upande mmoja una watoto wengi wenye afya au wengi waliokonda. Wewe fikiri: mwalimu ana maziwa mkononi, mbele yake wamesimama mtoto mnono na mtoto aliyekonda. Atampa nani? Maziwa yakaenda kwa wakondefu, na mwisho wa jaribio hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika maziwa yamefanya nini. Aliyeufunua udhaifu huo, mwaka 1931, alikuwa William Gosset, mtu wa hesabu aliyeajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, ambaye aliandika kwa jina la kujificha la “Student”, maana yake mwanafunzi. Alionyesha kwamba katika mambo kama haya huruma haina budi kufungwa macho.

Namna ya kuifunga macho ni kura.

Hivyo katika mwaka 1998 Neumann, Bwibo na wenzao walirudi Kyeni Kusini na jaribio la namna nyingine. Walichukua shule 12. Kwa kura wakazigawa katika mafungu 4, kila fungu shule 3. Hawakugawa watoto mmoja mmoja, kwa sababu hutaweza kumpa nyama mtoto mmoja, na jirani yake kwenye dawati lile lile asipate, bila ya wawili hao kugawana; na wakigawana wamefanya vyema, lakini jaribio limekufa. Watoto wa darasa la kwanza, zaidi ya 500, waliandikwa.

Sasa walitakiwa kutengeneza kitu. Nakuomba usikidharau kwa kuwa ni chakula. Wao walikitengeneza kwa uangalifu ule ule ambao fundi hutengeneza saa. Kwanza kilitakiwa kiwe chakula kinachojulikana, ili mtoto asikikatae na mama asikiogope, wakachagua githeri. Pili kilitakiwa kiliwe katikati ya asubuhi, mbali na chakula cha mchana, ili nyumbani wasije wakasema, huyu amekwisha kula shuleni, tupunguze sehemu yake. Tatu, na hili ndilo la ufundi mkubwa, mabakuli ya mafungu yote yalitakiwa yawe na nguvu sawasawa. Fungu la kwanza lilipewa githeri iliyotiwa nyama ya ng'ombe ya kusaga, gramu 60. Fungu la pili lilipewa githeri na maziwa mililita 200. Fungu la tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, mpaka nguvu yake ikalingana na ya wengine, yapata kilokalori 240. Fungu la nne halikupewa chakula, nitalirudia mwishoni. Baadaye, watoto walipozidi kukua, nyama ilifikishwa gramu 85, maziwa mililita 250, na nguvu ya kila bakuli yapata kilokalori 313.

Waona maana ya kusawazisha? Kama fungu la nyama lingeshinda, asingetokea mtu wa kusema, ah, walishinda kwa kuwa walishiba zaidi. Wa mafuta nao walishiba vile vile. Kinachobaki cha kuwatofautisha ni kile kilichomo ndani ya nyama na ndani ya maziwa, wala hakimo katika hindi na haragwe. Mathalani vitamini B12, ambayo mwanadamu huipata katika vyakula vya wanyama tu. Halafu madini ya chuma na zinki: haragwe linayo, lakini mahindi na maharagwe yana kitu kinachoyashika madini hayo tumboni kama mtu aliyekunja ngumi, yasiingie mwilini vizuri. Nyama huyatoa kwa urahisi, tena husaidia kuyatoa yale ya haragwe.

Walilisha kwa mihula 7, kuanzia muhula wa tatu wa mwaka 1998 hadi mwisho wa mwaka 2000. Mtu asome maneno haya polepole. Mihula 7 ni kuni, maji, sufuria, wapishi, barabara ya utelezi wakati wa mvua, na hesabu ya kila bakuli lililorudi na mabaki. Watu wa vitabu hutaja matokeo kwa mstari mmoja. Nyuma ya mstari huo kuna wapishi walioamka gizani siku zote hizo.

Akili za watoto zilipimwa kwa njia kadha wa kadha. Kulikuwa na kipimo cha picha, ambapo mtoto huonyeshwa mchoro uliokatwa kipande, naye huchagua kipande kinachoukamilisha. Kipimo hiki hakihitaji kusoma, wala Kiingereza. Kinahitaji mtu atulie, atazame, alinganishe, asikate tamaa. Kulikuwa na hesabu za kichwa, maana ya maneno, na vingine. Na watazamaji walirudi tena uwanjani.

Katika kipimo cha picha, fungu la nyama liliyashinda mafungu yote matatu. Katika hesabu, fungu la nyama na fungu la mafuta yaliwashinda wale ambao hawakulishwa. Katika maana ya maneno hapakuwa na tofauti. Katika mitihani ya kawaida ya mwisho wa muhula, ile inayotungwa kwa ajili ya shule zote za eneo na ambayo wazazi huijua, fungu la nyama lilizidi kupanda kuliko wengine wote. Na uwanjani ikaonekana jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko yote: watoto wa fungu la nyama walikimbia na kucheza zaidi, na ndio waliozidi kuanzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Hakuna aliyewafundisha uongozi. Walipewa gramu chache za nyama ya kusaga ndani ya githeri.

Miili nayo ilisema. Watoto wa mafungu yote yaliyolishwa waliongezeka uzito kuwazidi wasiolishwa kwa kadiri ya gramu 400. Nyama ilijenga misuli ya mkono. Maziwa yaliwarefusha wale waliokuwa wafupi mno kwa umri wao, wakawazidi wenzao wa namna hiyo wasiolishwa kwa sentimita 1.3. Vitamini B12 iliongezeka katika damu ya watoto wa nyama na wa maziwa, wala si ya wa mafuta.

Lakini maziwa hayakufanya kazi yaliyotumainiwa katika kipimo cha picha. Watoto wa maziwa hawakuwapita hata wale wasiolishwa. Nakiri kwamba niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilihuzunika, kwa kuwa sisi watu wa Meru na Embu ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mtu hupenda ushindi uende kwa jamaa yake. Zipo sababu zinazotajwa. Maziwa yana chuma kidogo sana, na wingi wa chokaa iliyomo, pamoja na protini yake, waweza kukizuia chuma cha maharagwe. Hata hivyo katika mitihani ya muhula maziwa hayakuwa mabaya. Uchunguzi wa alama uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto wa maziwa walikuja nyuma ya wa nyama, wakawatangulia wa mafuta na wasiolishwa. Kwa hiyo mtu asimwage maziwa yake. Mwenye kupenda jibu moja kwa maswali yote ndiye atakayechukizwa na habari za Embu.

Wazazi wako, au pengine babu zako, watakukumbusha kwamba maziwa yamewahi kugawanywa katika shule za Kenya nzima bila kura na bila kipimo. Hayo ni maziwa ya Nyayo. Rais Daniel arap Moi aliyaanzisha mwaka 1979, na kila mtoto wa shule ya msingi alipewa pakiti ya mililita 200, mara mbili kwa juma. Waulize. Watakwambia jinsi walivyolisubiri gari, jinsi walivyozipasua pakiti tupu kwa kuzikanyaga, na jinsi ambavyo siku ya maziwa hakuna aliyekosa shule. Katika miaka ya 1990 gharama zililemea, magari yakachelewa, halafu yakaacha kuja. Mpango ule ulikwisha kabla ya mtu kujua ulikuwa umefanya nini katika vichwa vya watoto.

Na mpango wa Embu je? Wapishi walizima moto jaribio lilipokwisha. Mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto wa nchi nzima wakaongezeka kutoka yapata milioni 5.9 hadi yapata milioni 7.2, wakabanana kwenye madawati, na kila mtu akazungumza juu ya madawati. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango wa kuwalisha watoto kwa mazao ya hapa nchini, hasa katika wilaya kavu. Chakula chake ni nafaka, kunde au maharagwe, mafuta na chumvi. Mwanafunzi aliyefuata habari hii tangu mwanzo atalitambua bakuli hilo. Ndilo bakuli la fungu la tatu. Si bakuli baya. Liliongeza uzito, liliongeza hesabu, na mtoto aliyelila ni bora mara nyingi kuliko mtoto wangu yule aliyesimama nyuma ya darasa. Lakini silo lililoshinda. Nyama ni ghali, huoza, na yataka kukaguliwa. Gunia la mahindi hukaa ghalani bila kulalamika. Sijui kama wewe, utakapokuwa mtu wa kupanga mambo hayo, utapata njia nyingine: mayai, sungura, samaki wa mabwawa, au dagaa wakavu waliosagwa.

Nilisema nitalirudia fungu la nne. Shule 3 kwa muda wa mihula 7 zilipimwa kama nyingine, watoto wake wakatolewa damu na kuulizwa maswali kama wengine, wala hawakupewa bakuli. Najua linalokuchoma, hata mimi lilinichoma. Watafiti walikuwa wamelifikiri tangu mwanzo, nao wazazi waliambiwa. Jaribio lilipomalizika, hesabu ilifanywa ya thamani ya chakula ambacho mtoto wa fungu jingine alikuwa amekula kwa muda wote ule, na kila nyumba ya fungu la nne ikapewa mbuzi wa maziwa wa thamani karibu na hiyo. Mbuzi ni mnyama azaaye upesi. Yamkini wapo hata leo, katika mashamba ya Kyeni Kusini, wajukuu na vitukuu vya mbuzi wale, wamefungwa kamba kando ya mibuni, na mtoto anayewakatia majani jioni hajui walikotoka.